Titi la Serikali

Maziwa yalifika ardhini yakatoweka. Hayakutapakaa, hayakuacha doa jeupe, hayakufanya hata kile kijidimbwi kinachofanywa na maji ya kunawia mikono. Kathurima aliinamisha kopo la sampuli juu ya udongo mwekundu ulio nyuma ya banda la maziwa, na kabla hajaliinua tena udongo ulikuwa umekwisha kuyapokea na kukauka. Jambo hilo alilifanya kila juma, na kila juma alijiambia kwamba udongo wa Tetu ni udongo wenye kiu.

Lakini alikuwa mkaguzi wa maziwa, na mkaguzi hulipwa ili aone. Katika mabanda mengine aliyoyakagua, kuanzia Ruring'u hadi huku juu Giakanja, mahali pa kumwagia sampuli palitambulika kwa pua kabla ya macho. Palinuka uchachu, palijaa nzi, na mbwa wa majirani walipazunguka wakilamba nyasi. Hapa hapakuwa na harufu yoyote. Nzi hawakutua. Siku moja mbwa mmoja alimfuata akitingisha mkia kwa tamaa, akalikaribia lile kopo, mara akasimama, akaketi chini na kuanza kulia kwa sauti ya ndani mpaka mwenyewe alipokuja kumvuta kwa kamba. Kathurima alicheka siku ile, ila kicheko hakikufika mbali.

Tena walikuwapo wanawake. Banda lilikuwa mali ya chama cha ushirika, na walioleta maziwa alfajiri walikuwa wao, kwa kuwa ng'ombe huwa wa mume lakini kumkama huwa kazi ya mke. Maziwa yakishapimwa na kumiminwa katika mitungi mikubwa, hawakuwa na sababu ya kubaki. Baridi ya milima ya Nyandarua iliwauma masikio, na nyumbani kulikuwa na watoto wa shule waliosubiri uji. Hata hivyo, siku ya ukaguzi hawakuondoka. Wale wa makamo kwenda juu, hasa, walisimama wamejifunga leso mabegani, wakimtazama Kathurima akilizunguka banda na kopo lake, na hakuna aliyekohoa mpaka tone la mwisho lidondoke. Ndipo walipookota mikebe yao na kwenda zao. Kathurima, Mungu amsamehe, aliamini kwamba wanaiheshimu serikali.

Alikuwa Mmeru wa Imenti, mtu mkimya, na alikuwa na tabia moja iliyomfanya ahamishwe kutoka kituo hadi kituo: hakudanganya. Kipimio chake, kile kijiti cha kioo chenye tumbo zito kinachoelea katika maziwa na kumfichua aliyeongeza maji, kilikuwa ndicho ulimi wake. Kikisema maji, naye husema maji, hata kama mwenye mkebe ni mke wa chifu. Kikisema mazuri, naye husema mazuri, na wanaotaka awaharibie jirani zao hurudi na kuku wao makwapani. Wakulima walimwita "daktari", kidogo kwa heshima na kidogo kwa kejeli. Ama ile ada ya ukaguzi, zile senti zilizokatwa katika kila lita, walikuwa na msemo wao juu yake. Walisema serikali haina ng'ombe hata mmoja, lakini kila ng'ombe wa Nyeri ana titi la serikali.

Huo ulikuwa mwaka wa 1993. Biashara ya maziwa ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia, na wachuuzi wa baiskeli walikuwa wakipita lango kwa lango wakinunua kwa fedha taslimu, bila kipimio wala ada. Ofisi ya Kathurima mjini nayo ikazua utaratibu wake mpya. Ada isikatwe tena chini kwa chini katika lita. Kila banda liamue lenyewe: likubali kulipia ukaguzi, au litiwe lakiri mwisho wa mwezi na kufungwa. Kathurima ndiye aliyetumwa kuzipeleka habari hizo, na jibu la wenyeji alilijua kabla hajatia mguu njiani.

"Bwana inspekta," alisema Mzee Kihara, mwenyekiti wa chama, mbele ya mkutano uliojaa uwanja wa banda. "Hiyo ada ilikuwa ya wakati ya mkoloni. Saa hii maziwa iko huru. Hoka na baiskeli yake anakuja mpaka kwa geti, analipa, anaenda. Sisi tunafunga hii banda. Na hiyo ploti hapo nyuma tunajenga maduka. Fundi anaanza kuchimba msingi siku ile ile wewe unafunga."

Wanaume walipiga makofi. Kathurima alikuwa akikunja karatasi zake aliposikia sauti ya mwanamke.

"Sisi tunataka kulipa."

Aliyesimama alikuwa Wamucii, mke wa huyo huyo mwenyekiti, mwanamke mwembamba wa miaka karibu sitini ambaye Kathurima hakukumbuka kumsikia akisema lolote zaidi ya "habari ya asubuhi".

"Sisi ni nani?" aliuliza mumewe.

"Sisi wenye kukama." Nyuma yake wanawake wa rika lake walikuwa wakiinuka mmoja mmoja. "Daktari, kata kwa yetu. Ukitaka, kata mara mbili. Lakini usiache kukuja."

Uwanja ulivunjika mbavu kwa kicheko. Na ni haki yao. Tangu dunia iumbwe watu huilaumu serikali kwa kuwakamua. Nani alipata kumwona anayeishika miguu akiisihi isiache? Kihara mwenyewe alicheka, kisha akakunja uso.

"Kaa chini, mama. Hiyo ng'ombe ni ya nani?"

Wamucii aliketi. Lakini Kathurima, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama vitu vinavyozama na vinavyoelea, aliona mkono wake ukiusaka mkono wa jirani yake na kuung'ang'ania. Alikuwa ametazamia kuuona uso uliokasirika. Uso aliouona ulikuwa umejaa hofu, na hofu ile alirudi nayo mpaka nyumbani kwake Ruring'u.

Juma lililofuata alifanya jambo ambalo hakuwa amelieleza hata nafsi yake. Alipima maziwa kama kawaida, akakisoma kipimio, akatamka "mazuri". Kisha, badala ya kwenda nyuma ya banda, akainama pale pale mbele na kuimwaga sampuli katika mfereji wa kuoshea mitungi.

Wanawake walisogea kama watu waliosukumwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa paa, na ndani ya ukungu huo Kathurima akaisikia sauti. Kwanza alidhani ni mwanambuzi aliyenaswa mahali. Halafu akadhani ni bawaba ya mlango. Ilitoka nyuma ya banda, chini chini, nyembamba, isiyo na nguvu, sauti ya aliyelia mpaka kilio chenyewe kikamwishia ikabaki desturi ya kulia tu. Na haikuwa moja.

Alikwenda kutazama. Hapakuwa na mtu wala mnyama. Palikuwa na udongo mwekundu peke yake, na udongo ule ulikuwa ukipanda na kushuka polepole, kiasi kidogo sana, kama blanketi juu ya kifua cha mtu aliyelala. Alitaka kukimbia, na asingeona haya kukimbia, lakini miguu haikumsikia.

Wamucii alimpita akiwa na mkebe wake. Alitazama huku na huku kama mwizi, akapiga magoti, akayamimina maziwa yote. Sauti zikakatika. Udongo ukatulia.

"Usifanye hivyo tena, daktari," alisema bila kugeuka.

"Mama, hapo chini kuna nini?"

Wamucii alikwenda kwanza kwenye pembe ya banda akaichungulia barabara, kuhakikisha hakuna mwanamume anayekuja. Aliporudi alizungumza kwa haraka, macho yake yakiwa kwenye udongo.

"Hapa ilikuwa kijiji. Ile ya Hali ya Hatari, wakati ya mkoloni. Walichoma manyumba yetu huko juu, wakatuleta hapa sisi wote, wakazungusha handaki na miti ya kudunga. Wanaume hawakuwa. Wengine msituni, wengine kizuizini. Huyu Kihara alifungwa Manyani, aliniacha nikiwa na mimba. Mchana tunachimbishwa barabara. Ya kutafuta chakula tunapewa saa moja tu, na homgadi wa mkoloni anasimama na bunduki. Titi ikakauka. Wewe unajua titi ikikauka, mtoto anafanya nini?"

Kathurima alitikisa kichwa.

"Ananyonya tu. Haachi. Unamtoa, na mdomo inaendelea kunyonya hewa." Alijifunga leso upya, ingawa ilikuwa imefungika. "Ile asubuhi wako ameenda, unamleta hapa kwa handaki. Hakuna padre, hakuna sanduku. Unamfunika na mchanga, unakimbia kwa kazi kabla jina yako haijaitwa. Halafu kijiji ikavunjwa. Wakafukia handaki. Chama ikajenga banda juu yao."

"Na hiyo sauti?"

"Walikuwa wanalia. Sisi tukienda mto tunasikia, tukirudi tunasikia. Halafu akakuja yule mzungu wa kwanza wa kupima maziwa. Akapima, akaona ni mzuri, akamwaga hapo nyuma. Hakujua kitu, maskini. Siku hiyo wakanyamaza."

"Wazee wanajua?"

"Walirudi wakiwa mifupa. Mtu kama huyo ungemwambia nini? Tulisema ni homa. Tulisema tulizika kwa misheni. Hawakuuliza sana, daktari. Mwenye kuuliza sana anaweza jibiwa."

Kathurima aliutazama mkebe mtupu. Swali lililomjia lilikuwa la kipumbavu, alijua, lakini aliliuliza. "Kwa nini msimwage wenyewe, mama? Kidogo kidogo?"

Wamucii alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni aliyekalia kigoda cha baba mwenye nyumba.

"Mwanamke amwage maziwa ya bwana yake kwa mchanga? Ataambiwa ni mchawi, ama ana wazimu. Leo nimemwaga moja, nitasema nilianguka. Kesho nitasema nini? Lakini serikali ikimwaga, nani ataiuliza?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wasema wahenga, na Kathurima aliuona uchungu ule umesimama mbele yake umevaa gambuti. Siku zilizofuata aliifanya kazi yake huku akili iko Giakanja. Aliwaza kwenda kwa Kihara, na akaona kwamba siri ile si yake kuitoa. Aliwaza kuilipa ada kwa mshahara wake, na akaona haisaidii: maduka yalikwisha kuamuliwa mkutanoni, na jembe la fundi halisomi risiti. Kilichomkosesha raha zaidi kilikuwa kitu kingine. Serikali iliyolichimba lile handaki na serikali iliyompa yeye koti jeupe na kipimio ilikuwa moja, bendera tu ilibadilishwa. Iliyowanyima ndiyo iliyokuwa ikiwanyonyesha, kijikopo kimoja kwa juma, miaka yote hiyo, na haikujua. Na sasa yeye ndiye aliyetumwa kuwaachisha ziwa.

Siku ya kufunga ilifika na ukungu wake. Kihara alikuwa ametangulia pamoja na fundi na vibarua wenye majembe na sururu. Kamba ya kuchorea msingi ilikuwa imekwisha kuvutwa kutoka kigingi hadi kigingi nyuma ya banda, juu ya udongo mwekundu. Wanaume wengi walikuja, kwa maana kuona serikali ikijifungia mlango yenyewe si jambo la kila siku. Lakini wanawake walikuja zaidi. Walikuja hata wale waliokuwa wamekwisha kuhamia kwa wachuuzi, na kila mmoja mkebe wake ulijaa mpaka shingoni.

Kathurima alipima. Hakuwahi kuona maziwa kama yale. Yalikuwa mazito, ya rangi ya siagi, na kipimio kilisimama wima ndani yake bila kutikisika. Alikitazama kwa muda mrefu. Alimtazama Wamucii, naye Wamucii hakumwomba kitu. Alikuwa amekwisha kukata tamaa, na hilo ndilo lililomuuma.

"Yameharibika," alisema Kathurima.

Hakuna aliyeelewa.

"Nimeyakataa. Yote, mkebe kwa mkebe. Na sheria inasema yaliyokataliwa yamwagwe, yamwagwe na wenyewe, mbele ya mkaguzi." Alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya banda. "Pale."

Kihara alifika kwa hatua kubwa, akatumbukiza kidole katika mkebe uliokuwa karibu, akaonja. "Hii maziwa ni mzuri! Wewe umelewa? Mwaka yote unasema mazuri, mazuri, na leo siku ya mwisho ndio unaona ubaya? Nitafika ofisi yenu leo leo!"

"Fika, Mwenyekiti. Mpaka niweke lakiri, mkaguzi ni mimi."

Mzee aligeuka kuwatazama wanawake, akitarajia kilio na matusi, kwa sababu jasho la asubuhi nzima lilikuwa karibu kumwagwa. Hawakulia. Wamucii aliinamisha kichwa kidogo mbele ya Kathurima, akaushika mkebe wake na kwenda. Wakamfuata wa rika lake, kisha wale wadogo ambao labda walijua na labda hawakujua. Walimwaga mmoja baada ya mwingine kando ya kamba ya fundi, na midomo ya wanawake wazee ilikuwa ikicheza bila sauti. Mkebe juu ya mkebe ulimiminwa mahali pale, maziwa ya kutosha kuigeuza njia nzima kuwa tope, na hakuna hata mchirizi mmoja uliofika njiani. Udongo uliyapokea yote ukabaki mkavu. Vibarua walirudi nyuma. Mmoja aliiweka sururu yake chini taratibu, akafanya ishara ya msalaba.

Mkebe wa mwisho ulikauka. Kisha kutoka chini ikatoka sauti ndogo, yenye unyevu, fupi. Ikafuatwa na nyingine, upande mwingine. Halafu nyingine, na nyingine, urefu wote wa ile kamba. Haikuwa sauti ya kutisha. Mtu yeyote aliyewahi kumweka mtoto begani baada ya kunyonya anaijua sauti hiyo: walikuwa wakicheua.

Kathurima alipogeuka, wanawake wazee walikuwa wamefumba macho. Kila mmoja alikuwa akilipigapiga bega lake la kushoto kwa kiganja, polepole, pale ambapo hapakuwa na kitu ila leso.

Kihara aliutazama mkono wa mkewe. Alisikiliza chini, akautazama ule mkono, akasikiliza tena. Kisha akavua kofia.

"Wamucii," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Haikuwa misheni."

"Haikuwa misheni."

"Alikuwa kijana ama msichana?"

Mkewe hakufumbua macho, wala mkono wake haukuacha kupiga bega. "Hujawahi niuliza."

"Nauliza sasa."

"Msichana."

Kihara hakuuliza jina. Kwao msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa mume, na Wamucii, hata akiwa peke yake ndani ya ule uzio wa kijiji, na mtoto ambaye hapakuwa na ukoo wa kumpokea, asingempa jingine. Baadaye walizaa wavulana tu. Jina lile mzee alikuwa amelizika pamoja na mama yake, akadhani limeishia hapo.

Aliruka kamba ya fundi kwa shida, akachutama na kuweka kiganja juu ya udongo. Machozi yalimdondoka waziwazi mbele ya wanachama wake, na hakuna mwanamume aliyethubutu kuangalia kando.

"Ngendo," aliita. "Ngendo wa Kihara."

Chini kukanyamaza ghafla, kama anyamazavyo mtoto asikiapo sauti asiyoijua.